Kutambua Asili ya Mapambo ya Kale ya Fedha: Kutoka Pwani hadi Mara

Mkoa wa Mara una dhahabu ardhini na una wahunzi wa chuma wa tangu enzi, lakini hauna jadi ya kufua fedha. Kwa hiyo kikuku cha fedha au mkufu wenye hirizi ukitokea katika sanduku la bibi huko Iringo, Musoma mjini, au katika kaya ya Bunda au Butiama, jambo moja huwa wazi kabla ya kukigusa: kitu hicho kilisafiri. Kilipanda kutoka Bahari ya Hindi kwa njia ya misafara, au kilikuja baadaye kwa reli na meli ya ziwa. Kabla ya hapo madini yake huenda yalivuka bahari mara mbili au tatu.

Kutambua asili ya pambo la namna hii ni kutenganisha mambo matatu ambayo watu wamezoea kuyafunga pamoja, yaani madini yalitoka wapi, fundi alikuwa wa wapi, na mvaaji alikuwa nani. Katika Afrika Mashariki mambo hayo ni nadra kukutana mahali pamoja. Sarafu iliyopigwa Vienna iliweza kuyeyushwa Unguja na sonara aliyezaliwa Kutch, ikawa mtali wa bibi harusi wa Kiswahili, kisha ikauzwa Tabora miaka arobaini baadaye. Anayeuliza tu kama mtali huo ni wa Kiarabu, wa Kihindi au wa Kiswahili atapewa jibu moja pale penye majibu matatu, na mengi yaliyoandikwa kwenye vibandiko vya maduka ya vitu vya kale yameharibika kwa sababu hiyo.

Fedha ilifika pwani mapema. Katika uchimbaji wa akiolojia uliofanyika Shanga, kisiwani Pate, zilipatikana sarafu ndogo za fedha zilizopigwa papo hapo pwani zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa Kiislamu wa pwani yenyewe, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nje. Duarte Barbosa, Mreno aliyeieleza pwani hii mwanzoni mwa karne ya 16, anawataja wanawake wa Kilwa na Mombasa waliovaa dhahabu na fedha kwa wingi. Jadi yenyewe, basi, ni ya kale sana.

Mapambo yaliyosalia si ya kale kiasi hicho, na hapa ndipo wanunuzi wengi hujidanganya. Pambo la fedha lilikuwa akiba ya mwanamke, mali yake mwenyewe aliyoipata kwa mahari au kwa urithi, na akiba ni ya kutumiwa. Mavuno yakiharibika, mume akifilisika au binti akiolewa, pambo lilipelekwa kwa fundi, likapimwa kwenye mizani na kuyeyushwa. Huko Oman ilikuwa kawaida vitu vya marehemu kuuzwa kwa uzito wake, kwa kuwa bibi harusi hakutaka kuvaa vilivyokuwa vya mtu mwingine. Mtindo ulidumu karne nyingi huku chuma chenyewe kikizaliwa upya kila kizazi. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya fedha ya pwani iliyopo leo katika majumba ya makumbusho na majumbani ilifuliwa kati ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 na katikati ya karne ya 20. Anayedai kuwa na kikuku cha enzi za Wareno anapaswa kuleta ushahidi mzito.

Madini yenyewe yalikuja kama sarafu. Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na migodi ya fedha. Mteja alimletea fundi reale zake, yaani sarafu kubwa za fedha, zikapimwa mbele yake, zikayeyushwa, na pambo lilipokamilika likapimwa tena. Fundi alilipwa ujira wa kazi. Kwa hiyo ubora wa pambo hufuata ubora wa sarafu iliyokuwa ikitembea wakati huo, na huu ni ufunguo wa kwanza wa kutambua umri wake.

Sarafu iliyotawala karne ya 19 ni ile ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Yeye alifariki mwaka 1780, na sarafu yake ikaendelea kupigwa kwa karne mbili ikiwa na mwaka huohuo, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na Uarabuni walikataa nyingine yoyote. Ina uzito wa gramu 28.07, na kati ya kila sehemu 1,000 sehemu 833 ni fedha halisi, yaani gramu 23.4 hivi, zilizobaki ni shaba. Waswahili wa Unguja waliijua kama reale ya Sham. Pembeni yake ilizunguka reale ya mzinga ya Kihispania, iliyopewa jina hilo kwa zile nguzo mbili zilizochorwa juu yake, ambazo macho ya watu wa bandarini yaliziona kama mizinga. Mwaka 1882 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipigisha reale yake mwenyewe huko Ubelgiji, lakini haikuweza kuziondoa zile za zamani. Rupia ya India ndiyo iliyoziondoa. Rupia ilikuwa na gramu 11.66 na fedha sehemu 917 kati ya 1,000, na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kutoa rupia yake mwaka 1890 ilifuata uzito na ubora uleule.

Baadaye fedha ilipungua ghafla. Waingereza walileta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, na ndani yake fedha ilikuwa robo tu. Hakuna sonara aliyetaka kuifua. Tangu hapo fundi alitafuta reale na rupia za zamani, au alinunua fedha safi iliyosafishwa viwandani. Kipimo kinachoonyesha fedha ya 830 hivi kinaelekeza kwenye reale. Cha 910 na zaidi kidogo kinaelekeza kwenye rupia. Havithibitishi, maana mafundi walichanganya. Hata hivyo vikuku viwili vya jozi moja vikitofautiana sana kwa ubora, kuna sababu ya kuamini kwamba kimoja kilitengenezwa baadaye kuziba pengo la kilichopotea.

Sarafu zilizoning'inizwa kwenye mkufu zinahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 1780 ulio juu ya reale ya Maria Theresa hausemi lolote kuhusu umri wa pambo, kwa kuwa sarafu hiyo ilipigwa Vienna, Venice na Milan katika karne ya 19, kisha Rome kuanzia 1935 wakati Italia ilipojiandaa kuivamia Uhabeshi, halafu London, Paris na Brussels, na hata Bombay wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wataalamu hutenganisha matoleo hayo kwa kuhesabu lulu za bruchi iliyo begani mwa malkia, na kwa kutazama manyoya ya mkia wa tai, umbo la herufi na maandishi ya ukingoni. Mkufu wenye toleo la London hauwezi kuwa wa kabla ya 1936, hata muuzaji aape vipi. Sarafu nyingine zina miaka ya kweli, na kanuni ni ileile: sarafu changa kuliko zote ndiyo inayoweka mpaka, mradi isiwe imeongezwa baadaye. Kitanzi chake kikiwa na lehemu tofauti na vitanzi vya wenzake, huenda imeongezwa.

Baada ya madini huja fundi, na hapa ndipo penye utajiri wa historia. Kuanzia miaka ya 1830 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alihamishia shughuli zake Unguja, na kufikia 1840 mji huo ukawa makao yake. Karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa vilileta reale kwa maelfu, na reale zikaleta mafundi. Walikutana pwani watu wa jadi nne: ya Oman, ya Hadhramaut na Yemen, ya Kutch na Gujarat upande wa India, na ya visiwa vya Lamu, ambayo ilikuwapo kabla yao wote.

Kazi ya Oman ni nzito. Vikuku na mitali yake hufuliwa kwa bamba nene, nakshi zikachongwa kwa patasi au kupigwa kwa muhuri, na mara nyingi hupambwa kwa vichwa vinavyochomoza kama miiba butu. Bangili ya aina hiyo, banajiri, ilivaliwa sana Unguja. Vipande fulani hubandikwa jani jembamba sana la dhahabu katikati, na dhahabu hiyo hulika taratibu kwa kuguswa, ikabaki kwenye mabonde ya nakshi peke yake. Hirizi ya Kiomani ni kisanduku bapa cha mstatili chenye vining'inio chini, kilichotengenezwa kubeba karatasi yenye aya za Qurani. Jambia la Al Said, ukoo wa Sayyid Said, hutambulikana kwa pete zake saba za kushikia mkanda. Mafundi wa Nizwa, Bahla na Rustaq walijulikana kwa kazi hizi, ingawa hata huko Muscat na Matrah palikuwa na mafundi wenye asili ya Kihindi.

Yemen ilipendelea chembe ndogo za fedha zilizopangwa kama mbegu, na waya mwembamba uliosokotwa na kulehemiwa. Mafundi wake bora kwa vizazi vingi walikuwa Wayahudi wa mji wa Sanaa na wa miji ya milimani, ambao karibu wote walihamia Israeli mwaka 1949 na 1950. Wahadhrami waliohamia Mombasa, Lamu, Unguja na Dar es Salaam walikuja na mapambo ya kwao, ndiyo maana pambo la Yemen lililokutwa pwani linaweza kuwa lilivaliwa hapa kwa miaka mia bila fundi wake kuiona Afrika.

Mafundi wa Kutch walifanya kinyume cha Waomani. Wao walifua bamba jembamba kutoka nyuma, maua na mizabibu ikachomoza mbele kwa kina, kisha wakaichonga upya kwa ncha kali hadi uso wote ukajaa. Mji wa Bhuj ulisifika kwa kazi hiyo, na karakana ya Oomersi Mawji, fundi wa makao ya mtawala wake, ilijulikana hadi London. Wakutch walikuwa wengi Unguja: Alidina Visram, aliyefungua maduka kutoka Bagamoyo hadi Uganda, alitoka huko. Masonara wa Kihindi wa Mji Mkongwe, kwa upande wao, hawakubaki na nakshi za Bhuj. Walitengeneza alichotaka mteja, na mteja akiwa bibi wa Kiarabu walifua Kiarabu. Hapo umbo hupotosha, na anayetambua lazima ageuze pambo kutazama mgongo wake. Fundi huiga uso wa kazi ya mwenzake kwa urahisi. Namna anavyoinamisha ukingo, anavyofunga bawaba, anavyokata pini na kumwaga lehemu ni mazoea ya mkono yaliyofundishwa utotoni, na hayo hayaigwi kwa urahisi.

Lamu na Siyu hazijapewa haki yao. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulikuwa mji wa mafundi wa panga, ngozi, viatu, vitabu na mapambo, na ulikataa kuwa chini ya Unguja hadi mwaka 1863 Sayyid Majid alipoushinda. Kazi ya visiwa hivi ina utulivu wake: vikuku vya duara vyenye bawaba na pini, nakshi za majani zilizochongwa kwa kina kidogo na kuacha nafasi tupu, vipuli vikubwa vya duara vya kujaza tundu la sikio, hirizi za mkufu mrefu. Nakshi zile huonekana pia kwenye milango ya mbao na plasta ya kuta za mji huohuo. Mtu akilinganisha kikuku na mlango ataona mchoro mmoja umepita kutoka fundi hadi fundi, jambo ambalo haliwezekani kwa kitu kilichoagizwa kutoka ng'ambo. Lakini kwa muda mrefu kila kitu kizuri cha Lamu kiliandikwa kuwa cha Oman, na hili linapaswa kusahihishwa kila linapokutwa.

Afrika Kaskazini ina kisa kinachofanana. Mapambo ya fedha ya Waamazighi, wale waitwao Waberberi, huuzwa duniani kwa jina la kabila la mvaaji. Lakini mengi ya Moroko ya kusini, pamoja na yale ya Tiznit, yalifuliwa na mafundi wa Kiyahudi walioishi kati yao, na waliondoka katikati ya karne ya 20. Algeria, kwa Wakabilia wa Beni Yenni, wafua fedha walikuwa Wakabilia wenyewe, na kazi yao hutambulikana mara moja kwa rangi za bluu, kijani na njano zilizoyeyushwa juu ya fedha, zikiambatana na marijani. Waliojifunza kutenganisha hayo mawili walifanya hivyo kwa kutazama ufundi kwanza na jina la kabila baadaye. Pwani ya Waswahili inadai utaratibu uleule.

Mvaaji ndiye aliye mgumu kumjua, kwa kuwa haachi alama kwenye chuma zaidi ya kukilainisha. Kikuku kilichovaliwa kweli hulika upande wa ndani na pale kinapogongana na mwenzake. Mitali hulika chini, karibu na kisigino. Nakshi zilizofifia sawasawa pande zote, ndani na nje, ni dalili ya tindikali au msasa wa muuzaji. Zaidi ya hapo hutegemewa kumbukumbu: picha, barua, wosia, simulizi za familia. Wapiga picha wa Unguja, kama A. C. Gomes, waliacha picha nyingi za wanawake wakiwa na mapambo yao kuanzia mwisho wa karne ya 19, nazo ni hazina kubwa. Kasoro yake ni kwamba baadhi zilipangwa ndani ya studio kwa ajili ya kadi za posta, na huenda pambo lilikuwa la mpiga picha.

Mvaaji pia alibadilika na nyakati. Kwa karne nyingi mavazi ya heshima pwani yalikuwa haki ya waungwana. Utumwa ulipobatilishwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani walianza kuvaa walivyokatazwa: kanga, viatu, buibui, na kadiri walivyojaliwa, mapambo. Kwa hiyo kitu cha fedha cha mwanzoni mwa karne ya 20 hakiwezi kuhesabiwa kuwa cha ukoo wa kitajiri kwa sababu tu ni cha fedha. Wakati huohuo matajiri walikuwa wakihamia kwenye dhahabu. Katika muda wa vizazi viwili fedha ilishuka kutoka sanduku la bibi harusi hadi kapu la vitu vya kuyeyusha, na vingi vilipotea hapo.

Njia ya kwenda Mara ilikuwa ndefu, na kwa muda mrefu fedha haikuifuata. Karne ya 19 pembe za ndovu kutoka Ushashi, jina ambalo watu wa Ukerewe na wasafiri waliipa nchi ya mashariki mwa Ghuba ya Speke, zilivushwa hadi Ukerewe, kisha Unyamwezi na pwani. Kwa malipo zilirudi nguo, shanga na waya. Waya mnene wa shaba, masango, ulipimwa kwa mikono na kukatwa. Mwembamba, udodi, ulisokotwa juu ya nyuzi au singa za mnyama na kuwa pete za miguu. Shanga nyekundu za samesame, zilizotengenezwa Venice, zilipendwa kiasi kwamba misafara iliziita kwa utani kivunja miji. Watemi wa Unyamwezi na Usukuma walivaa kibangwa, kipande cheupe cha duara kilichokatwa kutoka kombe la Bahari ya Hindi. Kibangwa kilitoka pwani ileile iliyotoa reale, lakini bara kilipata hadhi ambayo reale haikuipata. Watu wa ziwa hawakukosa fedha kwa umaskini. Thamani ya pambo kwao ilipimwa kwa rangi, mlio na cheo.

Fundi wa Mara alikuwa mhunzi wa chuma. Katika nchi za Wazanaki, Waikizu na jirani zao uhunzi ulikuwa wa Waturi, kundi lililooana lenyewe kwa lenyewe na lililoogopwa na kuheshimiwa kwa pamoja. Chuma ghafi kilitoka mbali, hasa kwa Warongo wa Uzinza waliokiyeyusha na kukiuza kama majembe yaliyozunguka ziwa lote. Jembe lililochakaa liligeuzwa kuwa bangili, njuga au pete ya mguu. Upande wa kaskazini, Wagusii waliwavisha wanawake walioolewa pete za mguu zilizoitwa ebitinge, ishara ya ndoa kamili. Kutoka mashariki mtindo wa Wamasai ulivutia vijana wa nchi za karibu na Serengeti. Msafiri Oscar Baumann alipopita mwaka 1892 alilikuta eneo hili likiwa limejeruhiwa na njaa na sotoka ya ng'ombe, na Paul Kollmann, afisa wa Kijerumani, alichapisha mwaka 1898 kitabu chenye maelezo na michoro ya vitu vya watu wa ziwani, Ukerewe na Ushashi zikiwemo. Michoro hiyo inaonyesha dunia ya chuma, shaba, shanga na pembe, na kwa anayetambua vitu vya Mara ina faida kuliko orodha yoyote ya mnada.

Mambo yaligeuka Desemba 1901, reli ya Uganda ilipofika ziwani mahali palipokuja kuitwa Kisumu. Kabla ya hapo mzigo kutoka pwani ulibebwa kwa vichwa kwa miezi kadhaa kupitia Tabora. Sasa ulifika Mombasa, ukapanda treni, ukashukia kwenye meli za mvuke Winifred na Sybil. Wafanyabiashara wa Kihindi, Waarabu na Waswahili walifungua maduka katika bandari za ziwa, Musoma ikiwamo, na nyuma ya maduka walifuata wake zao na masanduku ya mapambo. Reli ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika mwaka 1928 iliongeza njia ya pili. Kwa sababu hiyo pambo la fedha lililoko Musoma lina uwezekano mkubwa wa kufika baada ya 1901 likiwa limekwisha kutengenezwa, na familia zenye vitu hivyo mara nyingi ni zile zilizounga undugu na watu wa mjini kwa ndoa, dini au biashara. Hali hiyo haipunguzi thamani yake. Inaonyesha tu kwamba historia ya kitu hicho ni ya mji wa bandari zaidi ya kijiji.

Wakati huohuo sarafu ziliingia vijijini kwa njia ya kodi. Serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na rupia ikawa kitu ambacho kila kaya ililazimika kukipata. Mwaka 1904 pesa ndogo zilibadilishwa zikawa heller, 100 kwa rupia moja. Baadaye zikaja sarafu nyeupe zenye tundu katikati, za heller 10 upande wa Wajerumani na senti 10 upande wa Waingereza. Tundu lile lilikuwa kama limetobolewa kwa ajili ya uzi, na watu wakazitunga. Hizi ndizo zinazowapoteza wengi: ni nyeupe, ni za zamani, zina taji la mfalme, lakini hazina hata chembe ya fedha. Ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Vivyo hivyo bangili nyingi nyeupe na nyepesi za katikati ya karne ya 20 ni alumini iliyoyeyushwa kutoka sufuria kuukuu. Ni kazi halali ya mafundi wa hapa, na mara nyingi ni adimu kuliko kikuku cha Unguja. Kuiita fedha ni kuikosea mara mbili.

Kutenganisha vyuma hivi hakuhitaji maabara. Pambo hupimwa uzito likiwa kavu, kisha likiwa limening'inizwa ndani ya maji bila kugusa chombo, na uzito wa kwanza hugawanywa kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Fedha safi hutoa 10.5 hivi, fedha ya reale 10.2, shaba na nikeli karibu 8.9, alumini 2.7. Kipimo hiki hakifai kwa mafurungu, yaani mapambo ya miguuni, yaliyo matupu ndani au yaliyojazwa lami na kokoto za kulia, wala kwa vitu vyenye mawe. Tindikali ya sonara hutoa jibu haraka lakini huacha kovu, na kwa kitu cha kale hakuna sababu ya kuitumia. Mashine za miali zilizopo kwenye baadhi ya makumbusho na vyuo husoma mchanganyiko bila kukwaruza. Zikionyesha kadimiamu kwenye lehemu, kiungo hicho ni cha karne ya 20. Zikionyesha chembe za dhahabu na risasi ndani ya fedha, madini yanaelekea kuwa ya kabla ya usafishaji wa umeme ulioenea mwishoni mwa karne ya 19. Kiungo kipya hakimaanishi pambo jipya, kwa kuwa bawaba hukatika na kurudishwa. Kwa hiyo hupimwa sehemu kadhaa, na jibu huandikwa kwa kila sehemu.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalitawanya mapambo ya Unguja kuliko tukio lolote kabla yake. Familia za Kiarabu na Kihindi ziliondoka haraka, vitu vikauzwa kwa bei ya kutupa, vikafichwa au vikachukuliwa, na kumbukumbu za nani alivaa nini zikakatika. Vingine viko leo Muscat, Dubai, Mombasa na Uingereza. Utalii ulipokua, mahitaji yalizidi vitu vilivyosalia, na pengo likazibwa kwa bidhaa mpya kutoka India na kwingineko, zilizopakwa weusi kwa dawa ya salfa. Weusi wa dawa hukaa sawa kila mahali na hutoka kwa kusugua. Weusi wa miaka hujificha pembeni na kuacha sehemu zinazoguswa ziking'aa. Umbo lililotoka kwenye kalibu moja hujirudia na kasoro zake zilezile, ilhali vikuku viwili vilivyofuliwa kwa mkono, hata vya jozi moja, havilingani kamili.

Upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na inadai kibali kwa kusafirisha nje vitu vya urithi. Idara ya Mambo ya Kale na Makumbusho ya Taifa, ambayo makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere huko Butiama ni sehemu yake tangu 1999, ndizo za kuulizwa kabla kitu hakijauzwa. Kinachohitajika wakati huo ni kidogo, na kila familia inaweza kukiandaa: picha ya mbele na ya mgongo, uzito, kipenyo cha ndani, maandishi yote ya kila sarafu yaliyonakiliwa herufi kwa herufi, jina la aliyekivaa mara ya mwisho, alikokipata, na mji aliokuwa akiishi alipokipata.